Sura ya Tisa: Chuma Kilichokatwa Vizuri Mno

Kipande kile kilikuwa kimekatwa vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Inspekta Joséphine Mave alitembea nacho mfukoni mwa koti, ndani ya mfuko wa plastiki, akikionyesha kila mtu wa Bunia aliyewahi kushika chuma. Kilitolewa kwenye bunduki iliyoachwa kando ya barabara ya Nizi, asubuhi ile gari la wauza maharage liliposhambuliwa na abiria wanne wakafa, mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alipona. Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu, imeliwa na kutu. Lakini culasse yake, kile chuma kinachofunga risasi ndani, ilikuwa mpya na inang'aa. Mtu alikuwa ameichonga, na si kwa tupa chini ya mti. Ilichongwa na mashine.

Mjini mashine za namna hiyo hazikuwa nyingi. Ile ya shule ya ufundi ilikuwa haina motere tangu vita vya kwanza vya Kongo. Ya pili ilikuwa katika garage ya Stéphane, karibu na soko kuu, na kwa kuwa Stéphane alikuwa na jina la kuunga chuma cha mtu yeyote bila kuuliza swali, ajenti Blanchard, askari aliyefuatana naye, alitaka afungwe siku hiyohiyo.

"Akate kwanza," Joséphine alisema.

Stéphane alibana kipande cha chuma mezani akakata mbele yao huku jasho likimtoka. Joséphine alikitazama kwa lenzi yake ndogo. Uso wa chuma ulikuwa na mawimbi, kama barabara ya udongo iliyopitwa na malori ya mbao.

"Mashine yangu ni muzee, mama, inatikisika yote," Stéphane alisema. Kisha akachukua kile cha kwenye plastiki, akakigeuzageuza kwenye mwanga, na hofu yake ikageuka wivu. "Hii kazi mimi siiweze. Mu Bunia mashine moja tu njo inakata hivi. Ile Mualimu Paluku alifufua. Iko kwake, mu mutaa wa Nyakasanza."

Ndivyo walivyofika kwa Mwalimu Paluku, mzee wa Butembo aliyehamia Bunia akiwa kijana na kufundisha ufundi wa mashine mpaka nywele zikawa nyeupe. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Alitoka mlangoni akijifuta mikono kwa kitambaa, akawatazama kwa kukunja macho, kama mtu anayetafuta sura ndani ya moshi.

"Karibu, mama. Karibu, papa. Muangalie kichwa, bati ni ya chini."

Ndani, mashine ilijaza nusu ya kibanda. Ilikuwa fraiseuse ya zamani, mashine ya kuchonga chuma, ndefu kuliko mtu, imepakwa rangi ya kijani. Kisu kilisimama juu, meza ya chuma chini yake, na pembeni usukani wa kusogeza meza. Hapakuwa na tone la mafuta mahali pasipotakiwa.

"Ni yenu, Mualimu?" Joséphine aliuliza.

"Ni yangu sasa. Zamani ilikuwa ya mvua." Mzee alitabasamu. "Tuliikuta kule Nizi, mu atelier, karakana moja ya wazungu wa zamani. Bati zilishaibiwa. Muti uliota kati ya meza na mwili wake. Mukwe wangu Rémy alikata ule muti pole pole, siku nzima, sababu nilimuambia akiigonga tu mara moja na shoka, nitamurudisha kwa wazazi wake."

Joséphine alimwacha aongee. Mtu anayeeleza kazi yake husema mengi bila kuulizwa. Paluku alimweleza jinsi njia ambazo meza inateleza juu yake zilivyokuwa zimelika, na jinsi alivyozipaka wino wa bluu, akaona mahali palipoinuka, akapakwangua kwa mkono, akapaka tena, akakwangua tena. Nati ya shaba ilikuwa imekwisha meno, akachonga nyingine. Kisha alishika meza kwa mikono miwili na kuisukuma kwa nguvu. Haikucheza hata kidogo.

"Na umeme?"

"Motere kubwa ni mupya, na kile kisanduku kinapunguza mwendo. Kioo cha namba pale juu kinasema meza imefika wapi. Vyote viliongezwa." Uso wake ulipoteza furaha kidogo. "Na ile motere ndogo pembeni, inazungusha usukani peke yake. Ile mimi siitumie. Mukono unasikia chuma. Motere haisikie kitu."

Joséphine alitazama motere ile ndogo. Kwenye kitufe chake cha mwendo palikuwa na nukta nyekundu, ya rangi ya kucha.

Alitoa mfuko wa plastiki, akakiweka kipande juu ya meza ya mashine.

Mzee alikichukua. Hakukisogeza karibu na macho. Alipitisha kidole gumba juu yake, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na alipofika mwisho mkono wake ukabaki pale.

"Kazi nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Imetoka wapi?"

"Barabara ya Nizi. Ilikuwa ndani ya bunduki. Mulisikia habari ya ile gari ya maharage."

Paluku alikaa juu ya sanduku la mbao.

"Ni mimi," alisema.

"Nyinyi nini, Mualimu?"

"Ni mimi nilikata. Mufunge mimi. Sina mengine ya kusema."

Blanchard alikuwa ameshatoa pingu. Joséphine alimzuia kwa kiganja.

"Inspecteur, amekubali," Blanchard alinong'ona. "Mutu akikubali, kazi imeisha. Tumupeleke."

"Kesi ya silaha inaenda kwa wanajeshi, Blanchard. Unajua huko wanakata hukumu gani. Sitawapelekea mutu kama sijajua ni mutu gani." Akamgeukia mzee. "Mulikata namna gani? Munionyeshe."

"Nimesema ni mimi."

"Nimesikia. Munionyeshe."

Mzee aliinuka kwa shida. Alichukua kipande cha chuma kwenye rundo la mabaki, akakibana mezani, akawasha motere kubwa. Kioo cha namba hakukiwasha. Alitafuta ncha ya chuma kwa kidole, akateremsha kisu mpaka kilipogusa, akaanza kuzungusha usukani kwa mikono yake, kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza. Macho yake hayakuwa kwenye kazi. Joséphine alisogea karibu na kuona ukungu wa kijivu katikati ya kila jicho.

Alipomaliza, kipande kilikuwa laini na sawa kabisa. Mtu mwingine angesema hicho na cha bunduki vimetoka tumbo moja. Joséphine aliviweka sambamba chini ya dirisha, akainama na lenzi.

"Njoo uone," alimwambia Blanchard. "Kisu kinaacha mistari kama nusu duara. Unaiona? Hapa, kwenye hiki cha sasa, mistari inasongana. Inakaa mbali, kisha inasongana tena."

"Ndiyo. Kuna maana gani?"

"Usukani ukifika chini, mutu anabadilisha mukono. Meza inapumzika kidogo. Kila mara alipobadilisha mukono, chuma kimeandika." Akasogeza lenzi. "Sasa angalia cha bunduki."

Blanchard aliangalia kwa muda mrefu.

"Iko sawa yote," alisema.

"Toka mwanzo mupaka mwisho. Hakuna mukono uliopumzika, sababu hakukuwa na mukono. Ile motere ndogo njo ilisukuma meza." Joséphine alisimama wima. "Mualimu, nani anatumia ile motere?"

"Mimi."

"Mumesema hamuitumii."

"Nilisema uongo."

"Basi muiwashe. Kitufe kile cha nukta nyekundu ni cha mwendo gani?"

Mzee alinyoosha mkono kuelekea mashine. Vidole vyake vilipapasa ubavuni, vikapita juu ya kitufe, vikarudi, vikasimama. Hakuwa anajua hata kama kuna nukta. Aliushusha mkono.

"Mama," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba, "mimi niko muzee. Macho yanaisha. Mukifunga mimi, hakuna kitu kinaharibika. Niko nawaomba kama vile ningemuomba mutoto wangu."

"Ni mwendo wa pole, wa chuma kigumu."

Sauti ilitoka mlangoni. Mwanamke alikuwa amesimama pale na beseni la nguo mbichi kiunoni. Alivaa kitenge kilichofifia, na kucha zake hazikuwa na rangi tena ila mabaki mekundu karibu na ngozi. Kavira Divine, binti wa Paluku. Alikuwa amejifunza mashine kwa baba yake, darasa moja na wavulana.

"Divine, rudi mu nyumba!" mzee alifoka.

"Papa, inatosha."

"Nimesema rudi!"

Aliweka beseni chini. "Ile motere niliiweka mimi, mama inspecteur. Na kioo cha namba pia. Papa alitengeneza mashine, mimi nikaiongezea. Na hivi vyuma ni vyangu. Papa hakujua. Siku ya Mungu anaenda mu chorale ya kanisa mupaka saa ya chakula. Nilikuwa nakata pale hayuko."

"Vingapi?"

"Kila mara wanataka vingine."

"Nani?"

Divine alimtazama baba yake, kisha sakafu. Blanchard akafungua kalamu.

"Rémy alirudi Nizi kutafuta gurudumu moja la meno lililokosekana," alisema. "Ilikuwa ya mwisho. Mashine yote ilikuwa tayari, ni ile gurudumu tu. Wakamukamata mu njia, watu wa porini. Wakamukuta na ile chuma mu mufuko, wakamuuliza ni ya nini. Akawaelezea. Rémy anapenda kuelezea." Alimeza mate. "Wakanipigia kwa simu yake. Walinipatia niongee naye. Akasema, Divine, fanya vile wanataka, watanirudisha. Ilikuwa sauti yake. Mimi ninajua sauti ya bwana yangu."

"Kisha?"

"Kisha wakatuma ile gurudumu, pamoja na culasse ya zamani, iliyovunjika. Wakasema tengeneza kama hii. Anakuja mumoja na moto, pikipiki, amefunika uso, anachukua kwenye soko. Anaacha chuma ingine."

"Hukuja kwetu."

"Walisema, siku tutasikia jina lako mu mudomo ya police, tutakutumia kichwa yake."

Mzee Paluku alikuwa ameziba uso kwa kitambaa cha mafuta. "Nilisikia mashine ina moto kila nikirudi kanisani," alisema ndani ya kitambaa. "Nikasema, acha mutoto afanye kazi. Nilidhani kazi inamutuliza."

Joséphine alivuta sanduku jingine, akakaa mbele ya Divine ili macho yao yawe sawa.

"Ile siku ya simu. Ulisikia sauti yake tena kisha pale?"

"Hapana. Wanaandika ujumbe. Wanasema iko salama, anakula, anatusalimia."

"Hujamusikia tena hata mara moja?"

"Wanasema kule hakuna réseau nzuri ya kuongea."

"Ujumbe unafika, lakini sauti haifiki."

Divine alikwangua mabaki ya rangi kwenye kucha.

"Chuma ya kwanza uliwapatia wakati gani?"

"Kisha Pasaka. Juma ile ya kwanza, Pasaka imeshapita."

"Siku alitoka hapa, Rémy alivaa nini?"

"Salopette ya bleu, ovaroli ya kazi. Ya Papa, ya zamani, ya wakati alikuwa anafundisha." Akaanza kuongea haraka, kama mtu aliyepata hatimaye wa kumsaidia kutafuta. "Ni murefu, mama. Ni mweusi. Meno yake ni yote. Lakini mukono wa kuume, kidole hiki cha kwanza, kimebaki nusu. Mashine ya mbao ilimukata wakati alikuwa kijana. Mukimuona hamuwezi kumupoteza. Mutaenda kumutafuta? Sasa mumejua, mutaenda?"

Kalamu ya Blanchard ilisimama.

Joséphine hakugeuka kumtazama. Hakuwa na haja. Walikuwa pamoja siku ile, wiki ya mateso kabla ya Pasaka, wachimba dhahabu walipowaita kwenye shimo lililoachwa nje ya Nizi. Mvua ilikuwa imejaza shimo nusu. Mtu waliyemtoa alikuwa mrefu, mikono imefungwa nyuma, na wakati Blanchard akikata kamba ndipo walipoona kile kidole. Salopette ilikuwa ya bluu. Mwili ulilazwa mochari na tangazo likapita redioni: mwanaume, kidole nusu. Hakuna aliyekuja. Wakamzika pembeni ya makaburi ya mji, na Joséphine mwenyewe alishika upande mmoja wa jeneza kwa kuwa watu walikuwa hawatoshi.

"Divine," alisema. "Ulisikia tangazo mu radio, Pasaka haijafika?"

"Radio ya nini?"

"Ya mutu aliyeokotwa."

"Siye hatusikie radio. Toka Rémy apotee Papa aliizima, habari zilikuwa zinaniumiza." Macho yake yalitoka kwa Joséphine yakaenda kwa Blanchard, na Blanchard akatazama miguu yake.

"Mama," Divine alisema. "Musiniambie."

"Tulimutoa mu shimo, Nizi. Juma ya mateso. Salopette ya bleu, kidole nusu, mukono wa kuume. Alikuwa amekufa tayari siku nyingi."

"Haiwezekane. Chuma ya kwanza niliwapa Pasaka imeshapita."

"Ninajua."

"Walimuua hata bado sijawapa kitu?"

"Ndiyo."

"Basi nilikuwa nakata kwa ajili ya nani?"

Mzee alijaribu kusimama, akashika meza ya mashine kujizuia. Blanchard alimsaidia kukaa tena. Pingu zilikuwa bado mkononi mwake. Alizitazama, akazirudisha kiunoni.

Divine hakulia. Aliinama, akaokota kipande cha bunduki pale kilipolala chini ya dirisha, akakitazama kama kitu alichokuwa anakiona kwa mara ya kwanza.

"Ule aliyekuwa na mutoto mu mugongo, ule wanayesema mu soko," aliuliza. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Aimée. Alikuwa anauza maharage."

"Na mutoto?"

"Iko na nyanya yake, Djugu."

Divine alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kipimo na anakiweka akilini. Akakirudisha kipande kwenye plastiki, akaukunja mdomo wa mfuko vizuri, akampa Joséphine kwa mikono miwili.

"Munifunge," alisema. "Papa abaki."

"Nitakufunga," Joséphine alisema. "Siwezi kuacha. Lakini nitaandika yote, na wale waliokutumia pia. Nitasema ulilazimishwa."

"Watasikia?"

"Sijui."

Ndipo simu ikatetemeka. Ilikuwa mfukoni mwa kitenge, na mtetemo wake ulisikika kibanda kizima. Divine aliitoa. Alisoma, na midomo yake ikasogea bila sauti. Kisha akaigeuza ili Joséphine aone. Juu ya kioo paliandikwa jina la Rémy, na picha yake akicheka mbele ya mashine iliyokuwa bado ina kutu.

*Rémy anakusalimia sana. Anauliza kama vyuma viko tayari. Kesho soko.*

Blanchard alilaani kwa Kilingala. Mzee aliuliza, "Ni nini? Ni nani?"

Joséphine alifikiri haraka, na kila alichofikiri kilikuwa kibaya. Kama hakuna jibu, mwenye pikipiki hatakuja, na uzi utakatika hapo. Kama jibu litakuwa tofauti na la siku zote, watajua, na wataijua hata njia ya kuja kwenye kibanda hiki. Palikuwa na mlango mmoja tu, na wa kuufungua alikuwa mwanamke aliyekuwa amefiwa sasa hivi.

"Kila mara wakiandika hivi, unajibu nini?" aliuliza.

"Mama, tafadhali."

"Wasijue kwamba umejua. Mupaka kesho tu. Unajibu nini?"

Divine alifunga macho. Alipoyafungua, kidole chake kilianza kuandika, herufi moja moja. Joséphine alisoma juu ya bega lake.

*Viko tayari. Mumuambie na siye tunamusalimia. Mumuambie ajifunike, usiku ni baridi.*

Kidole kilisimama hewani. Kisha kikaongeza neno ambalo lazima lilikuwepo kila mara, kwa kuwa halikuhitaji kufikiriwa.

*Tunamungojea.*

Akatuma.